Mwali wa Mwalimu

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Nimemfahamu kwa zaidi ya nusu ya umri wangu na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu alituzuia siku ya kwanza aliyoingia darasani. Mwanafunzi mmoja alimuuliza, kwa heshima zote, kabila lake. Mwalimu aliweka chaki mezani, akajipangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Mtu usimuulize ukoo. Mtu muulize anafanya nini. Mafuta ndiyo uyaulize ukoo: yametoka wapi, yamezaliwa na nini." Tulicheka tukidhani ni mzaha. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba siku ile alikuwa ameshamaliza kutufundisha, na kwamba miaka iliyofuata alikuwa anarudia tu.

Alitufundisha kemia katika shule ya sekondari pale Kibaha, upande wa kuelekea Kongowe. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye meza ndefu, bomba lisilotoa maji, na kabati lililofungwa kwa kufuli lenye thamani kuliko vilivyokuwamo. Mwalimu alikuwa mrefu, mwembamba, na vifungo vya shati lake havikupatana hata siku moja. Daima kimoja kilikuwa kimeingia kwenye tundu la mwenzake. Lakini akishika chupa ya dawa, tone halikudondoka pasipotakiwa.

Mimi nimezunguka sana tangu wakati ule. Nimeishi Tanga, Mtwara, Mwanza, na kwingine ambako nilikaa kwa muda mfupi kiasi kwamba hata godoro sikununua. Kila niendako kuna kitu kinachonirudisha kwake, na mara nyingi ni harufu. Mwanza nilifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Mle ndani amonia hupita kwenye mabomba kupoza vyumba vya minofu. Siku moja bomba lilivuja kidogo, tukakimbia wote nje tumejiziba pua. Wenzangu waliendelea mpaka getini. Mimi nilijikuta nimesimama uani, nimeinua mkono, naipepea ile hewa taratibu kuelekea usoni, machozi yakinitoka. Mwenzangu mmoja aliporudi alisema, "Oya, gesi imekuingia machoni." Ni kweli ilikuwa imeingia. Lakini haikuwa gesi peke yake.

Kupepea kule nilifundishwa naye. Alitupeleka darasa zima nyuma ya vyoo vya bweni la wavulana, akatupanga mstari kama tunaokwenda kupokea chakula.

"Mnaisikia?"

"Tunaisikia, Mwalimu."

"Inaitwaje?"

"Inaitwa aibu, Mwalimu," akasema mmoja wa waliolala bweni lile.

Alisubiri kicheko kiishe. "Inaitwa amonia. Naitrojeni moja, haidrojeni tatu. Humo ndani ukaa hamna, hata punje." Kisha akatuonyesha namna ya kuinusa. "Harufu ni mgeni. Mkaribishe kwa mkono, usimrukie mlangoni. Wageni wengine wana visu."

Ukaa lilikuwa neno lake la kaboni, kile kilichomo kwenye kuni, dizeli na mkaa, ambacho vitu hivyo vikiungua hupanda angani na kuifunika dunia kama blanketi wakati wa joto. Aliamini kuna moto mwingine. Alitusimulia kwamba zamani, katika nchi moja ya Ulaya, vita vilimaliza mafuta, na watu wakaendesha mabasi kwa amonia. Tulimuuliza lile basi nyuma lilitoa nini. "Hewa hii hii unayovuta, na mvuke wa maji," alisema. "Kama imeungua vizuri." Hakuacha kuongeza maneno hayo. "Ikiungua vibaya inatoa uchafu mwingine. Ikivuja inaua. Na nyingi ya leo inatengenezwa kwa gesi ya ardhini, kwa hiyo ukaa umeachwa kiwandani, haukuondoka duniani. Siwaambii kwamba ni malaika. Nawaambia inaweza kuzaliwa vizuri. Maji, hewa na umeme wa jua, basi."

Msichana mmoja wa dawati la mbele akamuuliza, "Mwalimu, huo moto wewe umeuona?"

Alijipangusa chaki mikononi. "Sijauona," alisema. "Nimeusoma. Nataka niuone."

Hilo ndilo jambo alilolitaka. Wengine walitaka ukuu wa shule, nyumba Dar, gari. Yeye alitaka kuuona mwali wa amonia ukisimama peke yake, kwa macho yake, mara moja.

Haikuwa rahisi. Amonia haipendi kuwaka. Aliipika kwa nushadiri, ule unga mweupe wanaoutumia mafundi wa kuziba masufuria kwa risasi, akauchanganya na chokaa, akauweka motoni, kisha akasogeza njiti ya kiberiti kwenye mdomo wa bomba. Njiti ilizimika. Alisogeza nyingine. Safari nyingine tuliona rangi ya njano ikipita pembeni mwa njiti, kama mtu anayechungulia mlangoni kisha anarudi ndani. Ilihitaji oksijeni safi ya kuisaidia, na kabati letu halikuwa na kitu cha kuitengenezea. Kengele ililia, tukatoka, yeye akabaki ameinamia bomba.

"Mwali wangu ana haya," alisema. "Hajatoka."

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa anapita dirishani akamsahihisha. "Haujatoka, ndugu yangu. Mwali wa moto ni haujatoka. Hajatoka ni mwali msichana."

"Wako ndio wa moto," Mwalimu akamjibu. "Wangu ana haya, kwa hiyo ni mtu."

Kutoka hapo hakuacha ngeli hiyo. Mwali hajatoka, mwali yumo ndani, mwali siku yake ipo. Sisi tuliokulia Uzaramo tulicheka zaidi ya wenzetu, kwa kuwa nyumba zetu zilikuwa zimewahi kuweka wali ndani: msichana akivunja ungo anafichwa, anafundwa, halafu siku ikifika anatolewa amefunikwa kanga, ngoma zikipigwa. Hatukujua kwamba mzaha ule ungekuja kumtia matatani.

Jambo ambalo hakulifanyia mzaha ni uongo wa maabara. Wanafunzi wengi, jaribio likikataa, huandika kile ambacho kitabu kinasema kingetokea. Nakumbuka mmoja aliandika kwamba mwali wa njano ulionekana. Mwalimu alimsimamisha.

"Uliuona?"

"Kitabu kinasema, Mwalimu."

"Basi maksi nitakipa kitabu. Wewe sema ulichokiona. Kama hukuona kitu, andika sikuona kitu. Hilo nalo ni jibu."

Alipostaafu alihamia Masaki, ile ya Kisarawe, na wageni wa Dar, wanaoijua Masaki yao ya matajiri, walidhani anatania akisema anakaa Masaki. Kule ni mihogo, mikorosho, pikipiki na mkaa. Na hapo ndipo pa kumshangaa Mwalimu. Mkewe, ambaye sisi wanafunzi wake wote tunamwita Mama, alikuwa anauza mkaa. Magunia yalisimama mbele ya nyumba yao, yamefungwa majani mdomoni, na mtu aliyetufundisha ubaya wa ukaa alikaa kibarazani katikati ya magunia hayo akisubiri chai.

"Mwanangu, mwangalie," Mama aliniambia safari yangu ya kwanza kuwatembelea. "Nimeolewa na mtu anayeusema mkaa asubuhi, mchana anakula wali wa mkaa."

"Nakula wali," Mwalimu alisema. "Sili mkaa."

"Na huo moto wako utanipikia lini maharage?"

"Mwali akitoka."

Watoto wao waliwaletea jiko la gesi. Wa kwanza kulalamika alikuwa yeye, kwamba chai ya gesi haina ladha. Jiko likawekwa pembeni, likafunikwa kitambaa kizuri, juu yake ikakaa redio. Nilimuuliza inakuwaje. Hakuona haya. "Ulimi wangu ni wa zamani," alisema. "Ndiyo maana nataka moto mpya uje upesi, kabla ulimi haujanishinda hoja."

Kijiji kilimpenda na kilimcheka kwa kiasi kilekile. Siku moja ofisi fulani ilileta watu kuzungumza juu ya misitu na hewa ukaa, na mwenyekiti akamwomba Mwalimu afafanue. Alisimama, vifungo vyake vimepishana kama kawaida, akaeleza vizuri mpaka akafika kwenye moto usio na ukaa. Wachoma mkaa waliokaa nyuma walisikia moto usio na mkaa. Mmoja wao, mzee mwenye sauti nene, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huo moto usio na mkaa tunaufahamu."

"Unaufahamu?"

"Ni wa kuni."

Mkutano uliishia hapo. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile yule mzee alipompitia na baiskeli yake ya magunia alimsalimu, "Habari za kuni?"

Lakini mkasa wa mwali ndio ulioshika. Alikuwa amepata nushadiri kwa fundi mmoja wa Kisarawe mjini, akamwambia jirani yake, kwa furaha, bila kufikiri, "Jumamosi namtoa mwali wangu." Alidhani amesema habari za kemia. Yule jirani alikuwa mgeni kidogo pale na hakujua kwamba nyumba ile haina binti. Wao walijaliwa wavulana watupu, nao walikwishaondoka. Habari ikatembea. Wanawake wakaulizana mwali gani huyo, huenda ni mjukuu, huenda ni mpwa aliyeletwa kutoka Maneromango afundwe. Jumamosi wakaja na ngoma mbili, wamejifunga kanga sare, na mmoja amebeba mafuta ya kumpaka mwali. Wakamkuta Mwalimu uani ameshika bomba la kioo.

"Mwali yuko wapi?" akauliza aliyeongoza.

Mwalimu akanyoosha kidole kwenye chupa.

Mama aliwapikia pilau, kwa mkaa wake, maana wageni wa ngoma hawarudi na njaa. Mwali naye hakutoka. Njiti zilizimika moja baada ya nyingine mbele ya umati ule wote. Wanawake walipokuwa wanaondoka, kiongozi wao alimwambia Mama, "Shoga yangu, kigelegele chetu tunaondoka nacho. Siku akitoka kweli, utatuita." Nilipokwenda tena, Mama alinisimulia yote hayo huku anafuta machozi ya kicheko, na Mwalimu amekaa kando anachambua mchele kwa vidole. Kisha akasema, "Kosa ni la ngeli. Ningesema mwali wangu unatoka, wasingekuja."

Niliona wakati huohuo kwamba alikuwa anauchambua mchele kwa vidole badala ya macho. Presha ya macho ilikuwa imeanza. Alikwenda hospitali, akapewa dawa ya matone, akaambiwa kilichopotea hakirudi. Hakulalamika juu ya magazeti wala nyuso za watu. Aliniambia jambo moja tu, wakati ananisindikiza njiani: "Naona sasa tunashindana, mimi na mwali. Anayechelewa ndiye atakayemkosa mwenzake."

Mimi nikaondoka tena. Yeye alikuwa na neno lake juu ya kuondoka kwangu. Kila nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza, "Umepata mtungi?" Alimaanisha mahali pa kunishika nisivuje. Nilikuwa namjibu kwa utani, kwamba mitungi ya siku hizi ina kutu, kwamba nimeona mmoja Tanga lakini una mwenyewe. Alicheka, lakini safari inayofuata aliuliza tena kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma kipimo.

Nilikuwa Mtwara niliposikia redioni kwamba huko nje wanajaribu meli zenye injini za kuchoma amonia. Nilikuwa nakula peke yangu kwenye mgahawa. Nikaacha kula. Ulinijia uchungu wa nyumbani ambao sikuweza kuutaja ni wa nyumba ipi, maana sina, ila ndani yake kulikuwa na kibaraza chenye magunia. Kesho yake nikafunga begi.

Kabla ya kwenda Masaki nilipitia Kibaha. Shule ipo, imepakwa rangi, maabara ina vigae. Nilisimama nyuma ya bweni la wavulana kidogo. Vyoo vya zamani vimevunjwa. Hewa ilikuwa safi kabisa, na nilijisikia kama nimeibiwa. Pale mjini nikaingia duka la dawa nikanunua chupa ya dawa ya vidonda, ile inayotoa povu, kwa sababu nilikumbuka Mwalimu akisema kwamba ukiikutanisha na unga mweusi wa betri kuukuu inatoa oksijeni. Kitu alichokikosa Kibaha wakati ule, Kibaha ikanipa sasa.

Nilifika Masaki alasiri. Mwalimu alikuwa kibarazani, uso ameuelekeza njiani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akainua mkono, akapepea hewa taratibu kuelekea puani. "Umetoka kwenye korosho. Mtwara. Umepata mtungi?"

Nilikuwa na utani wangu tayari, lakini haukutoka. "Bado, Mwalimu."

"Hilo nalo ni jibu," alisema, akanionyesha pa kukaa.

Nikamwambia habari za meli. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. "Amonia yao imezaliwa na nini?"

"Nyingine na gesi ya ardhini. Nyingine wanasema maji na umeme wa jua na upepo."

"Wanasema," alirudia. "Lakini injini inawaka?"

"Inawaka, Mwalimu."

Nikamtolea ile chupa ya dawa ya vidonda nikamwekea kiganjani. Akafungua kifuniko, akaikaribisha kwa mkono, akaitambua. Sikuhitaji kumweleza. Alimwita Mama.

"Mke wangu, niazime jiko."

"La gesi?"

"La mkaa."

Mama akaja anajifuta mikono. "Kwa hiyo mwali wako asiye na mkaa anapikwa kwa mkaa wangu."

"Ndiyo ukoo niliokuwa nauhofia," Mwalimu akasema. "Usiwaambie watu."

Tulikaa uani, upande ambao upepo ulitoka migongoni mwetu. Yeye alitoa maelekezo, mimi nilikuwa mikono. Nushadiri na chokaa kwenye bomba la kioo, bomba juu ya jiko. Dawa ya vidonda na unga wa betri kuukuu za redio kwenye chupa nyingine, inatokota yenyewe, inatoa mapovu. Harufu ya amonia ikaja, na macho yangu yakajaa. Jua lilikuwa bado kali na mwali wa amonia ni mwembamba. Kwenye mwanga ule usingeonekana. Mama alifungua kanga moja aliyojifunga juu ya gauni, akainyoosha kwa mikono miwili juu ya vile vioo, ikatengeneza kivuli.

Nilisogeza njiti. Ikazimika.

"Umeona nini?" Mwalimu akauliza.

"Imezimika."

"Isogeze midomo ya vioo ikaribiane. Mwache oksijeni amshike mkono."

Njiti ya pili ilizimika. Ya tatu nikaishika chini kidogo, na kitu kikashika moto pale, kikatikisika, kikasimama. Nikaondoa njiti. Kikabaki kimesimama.

Mwalimu alikuwa ameinamisha uso mpaka nikamwekea mkono kifuani asiungue. "Sema."

"Umewaka. Mdogo, kama ncha ya kidole. Njano inayokwenda kwenye kijani. Rangi ya bibo la mkorosho ambalo halijaiva sawasawa."

Alikodoa macho yale. Niliona anavyojitahidi. Ningependa kuandika kwamba aliuona. "Naona weupe," alisema baada ya muda. "Lakini siwezi kusema ni mwali. Huenda ni shati lako."

Shati langu lilikuwa jeupe. Mama aliendelea kushikilia kanga.

Kisha Mwalimu akainua mkono. Akaupitisha juu ya mwali, mbali kidogo, akaipepea ile hewa kuelekea usoni mwake kama alivyotufundisha nyuma ya vyoo vya bweni. Akavuta pumzi. Akarudia. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwona anafanana na mtu aliyefika.

"Sisikii kitu," alisema.

Mimi nikavuta pumzi. Ile harufu iliyokuwa imetutoa machozi muda mfupi uliopita haikuwapo. Amonia ilikuwa inaungua yote.

"Sisikii kitu," akarudia, polepole, kama mtu anayesoma majibu yake mwenyewe na kuyakuta sahihi. "Mama watoto, mwali ametoka."

Mama alimtazama mumewe, akautazama ule mwali chini ya kanga yake. Halafu akapiga kigelegele. Kimoja tu, kirefu, sauti ya mwanamke aliyekiweka miaka. Jirani, yule yule, akachungulia juu ya ua wa makuti.

"Kuna nini huko, Mama?"

"Mwali ametoka," Mama akamjibu. "Waite wenzako. Na safari hii waje na ngoma."